Msamiati wa Kununua kwa Fotokopi

Katika maduka ya steshenari yaliyo jirani na kituo cha mabasi cha Bagamoyo, pale wanapopakiwa abiria wa Makumbusho, huuzwa karatasi zenye wateja wa namna yake: wauguzi waliokwisha kuhitimu, walimu wenye shahada, vijana wa vyuo wanaotafuta ufadhili wa masomo ya ng'ambo, na pengine mtoto wa mtu ambaye jamaa yake aliyeko London amemtia hamu ya safari. Karatasi hizo ni fotokopi ya fotokopi, wino wake umefifia hata baadhi ya herufi hazitambulikani, na juu yake pameandikwa kwa maandishi makubwa kwamba hayo ndiyo maneno ya kupatia bendi 9. Yaliyo chini yake ni maneno ya Kiingereza kwa mamia, kila moja na maana yake ya mkato mbele yake, bila ya sentensi hata moja. Kijana huzikunja, huzitia mkobani, na tangu Kiromo mpaka Bunju utamwona anachezesha midomo kama mtu anayevuta uradi.

Mtihani wanaoukusudia ni ule wa Kiingereza uitwao IELTS, ambao alama zake huitwa bendi, ulioanza mwaka 1989 na unaomilikiwa kwa shirika na British Council, IDP ya Australia na Cambridge. Una sehemu nne, nayo inayohofiwa kupita zote ni ya kuandika. Mtahiniwa hupewa dakika 60 na kazi mbili: katika ya kwanza aeleze grafu, jedwali au mchoro wa hatua za kazi fulani kwa maneno yasiyopungua 150, au, ikiwa safari yake si ya chuo kikuu, aandike barua; katika ya pili aandike insha ya hoja isiyopungua maneno 250, ambayo uzito wake ni maradufu ya ile ya kwanza. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza lataka bendi 7 katika kusoma, kusikiliza na kusema, lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2018 limeridhia 6.5 katika kuandika, na mimi naona ya kwamba kulegeza huko ni ungamo la kimyakimya kuwa kalamu ndiyo iliyokuwa ikiwaangusha watu ambao ndimi zao ni nyepesi. Matokeo yenyewe hutambuliwa kwa miaka 2 tu, muda ambao ukiisha Kiingereza cha mtu huhesabiwa kuwa kimechacha. Kwamba katika orodha ya serikali ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake husamehewa ushahidi wa Kiingereza zimo Jamaika na Malta, wala hamna hata nchi moja ya Afrika, ingawa ziko ambazo mahakama zake na mabunge yake hayana lugha ya kazi ila hiyo, ni dhuluma inayostahiki makala yake peke yake, nami leo naipita.

Insafu yanitaka niseme kwamba wauzao orodha hizi hawakuzua tu. Wasahihishaji hupima maandishi kwa mizani minne iliyo sawa, kila mmoja robo ya alama: je, swali limejibiwa; je, hoja zimefuatana na kushikana; msamiati ni mpana na sahihi kiasi gani; na sarufi ikoje. Katika maelezo ya mzani huo wa tatu, ambayo yamechapishwa ili watu wote wayaone, imetajwa waziwazi kuwa mtahiniwa wa bendi 7 hutumia maneno yasiyo ya kawaida sana. Hapo ndipo wenye orodha walipoacha kusoma. Wangaliendelea kidogo tu wangaliona ya kuwa maelezo yaleyale yamtaka mwandishi awe na hisi ya mtindo, na ajue neno gani huandamana na lipi. Tena makosa ya tahajia huhesabiwa papo hapo, na msahihishaji amefunzwa kuzitambua sentensi zilizomezwa nyumbani na kutapikwa mezani. Neno la fahari likikaa pasipo pake halimwongezei mtu kitu, bali humfichua.

Na hebu tutazame namna linavyomfichua. Mtahiniwa apewa grafu ya idadi ya watalii waliozuru magofu ya mahali fulani, tuseme ni Kaole yetu, kwa muda wa miaka 10. Akumbuka karatasi yake. Aandika kwamba palikuja "plethora" ya watalii, na kwamba idadi yao iliongezeka "drastically". Maneno yote mawili yamo kamusini, na fotokopi yasema la kwanza ni "wingi" na la pili ni "sana". Lakini msomaji aliyezaliwa na lugha ile, akisoma la kwanza, huhisi wingi uliopita kiasi hata ukawa kero, na akisoma la pili hungojea kusikia habari ya mishahara iliyokatwa au hatua kali iliyochukuliwa na serikali. Sasa aambiwa watalii wamezidi, jambo la furaha, kwa maneno yenye uso wa msiba. Lau kijana yule angeliandika kwa Kiingereza chepesi kwamba watalii waliongezeka mara dufu, kisha akataja mwaka ongezeko liliposimama, angelikuwa ameeleza grafu barabara, na pengine kuipita bendi ya mwenzake.

Sisi watu wa pwani tusingepaswa kufundishwa jambo hili na mtu. Mgeni ajuaye kuvunja kwa maana ya kuvunja kikombe tu, afike mjini mwetu katika siku za mwisho za Shaabani, aambiwe kuwa jamaa wamekwenda ufukweni kuvunja jungu, ataelewa nini? Kisha asikie fulani amemvunja moyo mwenziwe, mwari fulani amevunja ungo, na mkutano umevunjika jioni. Neno ni moja, tena la siku ya kwanza ya masomo, lakini daraja ya mgeni katika Kiswahili haijulikani kwa kulijua neno hilo wala kwa kujua maneno adimu ya tenzi. Hujulikana kwa kadiri anavyojua viti vyote ambavyo neno hilo moja huvikalia, na nani huketi kando yake. Kiingereza nacho ndivyo kilivyo, na dai langu katika makala haya ni hili tu: vijana wetu hawakupungukiwa na maneno makubwa, wamepungukiwa na matumizi ya pili na ya tatu ya maneno madogo ambayo wanadhani waliyamaliza darasa la tano.

Hesabu ziko upande wangu. Mwaka 1953 mwalimu Mwingereza, Michael West, ambaye alikuwa amefundisha kwa miaka mingi huko Bengali, alichapisha orodha ya maneno ya Kiingereza yatumikayo zaidi, yapatayo 2,000, na mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akaongeza orodha ya koo 570 za maneno ya kitaaluma, yaani yale yanayorudiarudia katika vitabu vya vyuo bila kujali fani. Wataalamu wa mambo haya wakadiria kwamba katika ukurasa wa kitabu cha chuo, orodha ya West huchukua zaidi ya robo tatu ya maneno, na ya Coxhead huongeza kiasi cha asilimia 10. Mengi ya yanayobaki ni istilahi za fani na majina ya watu na mahali. Hizo fahari za kwenye fotokopi zinagombea nafasi katika kipembe hicho cha mwisho, ilhali kijana hajaimiliki nyumba yenyewe. Na tanbihi muhimu ni kuwa West hakuandika maneno matupu: kwa kila neno alieleza maana zake mbalimbali, na kila maana hutokea kwa kadiri gani. Sehemu hiyo ya kazi yake ndiyo ambayo hakuna aliyeitolea kopi.

Palikuwa na zamani ambapo mtihani ulikuwa upande wa pili, na wenye kutoa jasho walikuwa Wazungu. Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin kiliasisiwa mwaka 1887, na miongoni mwa waliosomea Kiswahili humo ni maofisa na watu wa misheni waliokuwa wakijitayarisha kuja katika koloni ya Kijerumani, ambayo makao yake makuu hapo mwanzo yalikuwa hapahapa Bagamoyo. Mwaka 1900 mtu wa Dunda, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenye elimu ya chuoni na dini, alikwenda kufundisha katika chuo hicho. Na mwaka 1903 Carl Velten alichapisha "Desturi za Wasuaheli", kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni kalamu ya Mtoro. Mwenye kukifungua hatakuta safu ya maneno na maana zake. Atakuta mtoto anazaliwa, anatiwa chuoni, anatahiriwa, anaoa. Atakuta ngoma na majina yake, mahari na masharti yake, mgonjwa na mganga wake, mtumwa na bwana wake, na kila neno limevaa nguo zake na limesimama na jamaa zake. Mjerumani aliyekisoma kitabu kile hakujifunza kwamba "ungo" ni kitu fulani. Alijifunza ungo uko wapi, nani anaushika, na siku gani. Mtoro hakujaliwa kurudi kuishi kwao, na alifia Berlin mwaka 1927, lakini namna yake ya kuwafundisha watu maneno sijaona iliyoishinda.

Shahidi wangu wa pili ni Mfaransa, Padri Charles Sacleux wa Mapadri wa Roho Mtakatifu, shirika lililoweka misheni yake Bagamoyo mwaka 1868. Alifika pwani hii mwaka 1879, akaishi Unguja na Bagamoyo kwa karibu miaka 20, akikusanya mimea kwa mkono mmoja na maneno kwa mkono wa pili. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa haikutoka mpaka mwaka 1939 na 1941, katika juzuu mbili zenye kurasa zaidi ya 1,000, yaani miaka 40 na kitu baada ya kuondoka kwake. Mwenye kuipekua huona kwamba padri yule hakuridhika kulipata neno. Alitaka kujua ni la watu gani, wa Mvita au wa Unguja au wa Mrima, na katika usemi upi walilitia. Wapo waswahili wa leo wanaokwenda kwake kutafuta neno ambalo bibi zao walilitumia nao wakaliacha lipotee. Nami nashangaa kuwa mji uliomfundisha mgeni namna hiyo ya kuchuma maneno, moja moja kutoka vinywani mwa wenyewe, ndio huu ambao vijana wake wananunua maneno kwa karatasi, yasiyokuwa na kinywa.

Lakini lawama si ya vijana peke yao. Mtoto wetu husoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akiingia sekondari hukuta elimu yote imegeuka lugha, na mwalimu ambaye naye alipita njia hiyohiyo humwandikia notisi ubaoni, naye huzinakili, huzikremu, kama wasemavyo wenyewe, na kuzirudisha katika mtihani. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa nchi hii, na ripoti yao ikathibitisha yale ambayo walimu walikuwa wakiyanong'ona: wengi wa wanafunzi walikuwa hawawezi kusoma vitabu vya masomo yao. Dawa iliyofuata, kwa msaada wa Uingereza, ilikuwa pamoja na mambo mengine kupeleka katika shule za sekondari vitabu vyembamba vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi, vikipanda daraja kwa daraja. Wakubwa kwa wadogo wakasema hivyo ni vitabu vya watoto. Mimi nasema vilikuwa ndiyo dawa yenyewe, na iliyoharibu ni kwamba mradi una mwisho na kabati lina mchwa. Kijana aliyesoma vitabu 30 vya namna ile, bila kuhimizwa na mtihani wowote, amekutana na neno moja la kawaida mara mia, kila mara na jirani mwingine, na hakuna mwalimu wa twisheni awezaye kumpa hayo katika wiki 6.

Kuna na upungufu mwingine ambao watu hawautaji, kwa sababu unaonekana kuwa hauhusiani na Kiingereza. Ile kazi ya pili ya mtihani, insha ya hoja, huuliza mambo kama haya: je, serikali igharimie makumbusho au ijenge barabara kwanza; je, watoto wafundishwe tabia njema na wazazi au na shule? Mtu asiyewahi kuandika insha ya hoja kwa lugha aliyoinyonya, akaweka dai, akalitetea, akamsikiliza mpinzani na kumjibu, ataianzaje kazi hiyo kwa lugha ya kujifunza, mbele ya saa? Shaaban Robert alitunga "Kielezo cha Insha" mwaka 1954, akijua ya kuwa insha ina ufundi wake na hufundishika. Nimesoma rasimu za watahiniwa, kwa kuwa watu huniletea, na aghalabu naona ugonjwa ni huo: maneno makubwa yamemwagwa ili kuziba shimo la hoja. Nikimwambia mwenye rasimu anieleze kwa Kiswahili anachokusudia, hunyamaza. Hapo sina haja ya kutafuta kamusi.

Nitatoa mfano wa zoezi ambalo nalipenda, kwa kuwa karatasi ya mtihani hupenda michoro ya hatua za kazi, na sisi tunazo kazi za kutosha mlangoni petu. Mlingotini, kusini kidogo ya mji, kina mama hulima mwani. Bamvua likifika na maji yakatoka mbali, huingia pwani, hupigilia mambo, yaani vigingi, katika mchanga, hutanda kamba baina ya mambo, hufunga vipande vya mbegu katika kamba, kisha huiachia bahari kazi kwa wiki 6 hivi. Baada yake huvuna, huanika, hutia katika magunia na kumwuzia mnunuzi kwa kilo, na mwani husafirishwa ng'ambo, ambako hutolewa ute utiwao katika dawa za meno na aiskrimu. Sasa mwambie mtahiniwa aandike hayo kwa Kiingereza kwa maneno 150. Kufunga, kutanda, kuvuna, kuanika, kupakia: yote ni maneno ya kawaida kabisa. Atakwama mahali pamoja, kwenye mambo yanayopigiliwa mchangani, maana Kiingereza hapo hutumia "drive", neno ambalo yeye alilijua tangu utotoni kwa kuendeshea gari, wala hakupata kuambiwa kwamba kigingi nacho huendeshwa. Akilipata hapo, amepata neno la bendi ya juu, na hakuna orodha ya fahari iliyolitaja, kwa kuwa wenye orodha wanadhani kila mtu analijua.

Walimu wa twisheni ni jamaa zetu, wana watoto wa kulisha, na sitaki kuwaharibia soko. Karatasi zao wazitunze, lakini wabadili matumizi yake: mwanafunzi asipewe maana, apewe neno na aende akalitafute katika gazeti la Kiingereza, katika kitabu cha hadithi, katika maelezo ya dawa hospitalini kwake ikiwa ni muuguzi, mpaka arudi na sentensi tatu alizozikuta zimeandikwa na watu wengine, si alizozitunga mwenyewe. Neno lisilopatikana kwa wiki nzima lifutwe, kwani lililojificha kiasi hicho halitamfaa kitu katika dakika 60. Darasa la watu 10 wakifanya hivyo watakuwa na daftari moja la sentensi mia kadhaa zilizo hai, ambalo thamani yake yapita fotokopi zote za mjini, na ambalo kwa sura yake Padri Sacleux angelitambua. Wazazi wenye uwezo wa kulipa ada ya mtihani, ambayo si haba, watenge sehemu ndogo yake miezi mingi kabla wanunue vitabu vyembamba. Na wenye shule wafungue hayo makabati.

Najua nitajibiwa nini, maana nimekwisha kujibiwa. Watahiniwa wetu hawaji kwa mwalimu kwanza; hulipia tarehe ya mtihani kwanza, kwa sababu nafasi ya chuo au ya kazi ina siku yake ya kufungwa, kisha ndipo wakatafuta mtu wa kuwaokoa, na mtu huyo hana miezi ya kusomesha hadithi. Ni kweli, na aliyekwisha kulipia tarehe ya mwezi ujao sina kubwa la kumpa. Aiache karatasi nyumbani, asome kila siku insha moja nzuri ya watu badala yake, aandike kwa maneno ambayo tahajia yake ana hakika nayo bila kusita, aanze na ile kazi ya pili yenye alama nyingi, na kabla ya kuweka kalamu chini ahesabu maneno yake, yasipungue 250.